Kuhakiki Msiba wa Masoko

Mimi ni mtu wa kompyuta katika kampuni ya kununua parachichi hapa Tukuyu. Zamani nywila za ofisi yetu zilikuwa zinanikera. Kila mtu alikuwa na ya mizani, ya ghala na ya barua pepe, na zote kazibandika kwenye karatasi chini ya kibodi, utadhani mwizi hana mikono ya kuinua kibodi. Nikawawekea mlango mmoja: unajitambulisha asubuhi, simu yako inakuuliza kama ni wewe, unakubali, na mifumo yote inafunguka. Walinung'unika weee, mwisho wakazoea.

Kisha makao makuu wakaagiza tuuunganishe mlango huo na mlinzi. Mlinzi ni mfumo mwingine, kazi yake kutazama tu: nani kaingia, saa ngapi, kutokea wapi. Kuunganisha kwenyewe hakuna maajabu. Unatengeneza ufunguo upande wa mlango, herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu, unaupa ruhusa ya kusoma tu, unaubandika upande wa mlinzi, unasubiri. Mistari ya kwanza ilipoanza kushuka kwenye kioo nilifurahi, siwezi kuficha.

Mlinzi alikuja na kanuni zake. Moja inaitwa safari isiyowezekana. Ukiingia kutokea mji mmoja, halafu muda mfupi baadaye ukaingia kutokea mji ambao usingeweza kuwa umeshafika, kengele inalia. Mimi nilitaka ilie tu, tuangalie wenyewe. Mkuu wetu wa tawi, mtu wa kuhamia na mwenye haraka zake, akataka ikilia akaunti ijifunge hapo hapo.

"Mlinzi gani anapiga kelele tu na mwizi anapita?" akasema.

Bosi ni bosi. Nikaiweka alivyotaka, na ule ufunguo nikauongezea ruhusa ya kufunga akaunti.

Wa kwanza kunaswa alikuwa karani wetu wa ghala. Asubuhi hiyo aliingia kwenye mfumo pale pale ofisini, Msasani yetu ya hapa Tukuyu, siyo ile ya Dar. Haujapita muda akapigiwa simu kwamba mama yake amefariki, nyumbani kwao Masoko. Nilimwona akitoka, leso mdomoni, akapanda bodaboda. Amefika tu, anapigiwa simu na mtunza ghala wa Kinyala: lori limeshapakiwa, na mwenye idhini ya kuliruhusu ni yeye peke yake. Akajitenga na waombolezaji, akaingia kwa simu yake, akaliruhusu. Parachichi zikaondoka salama. Kwenye kioo changu kengele ikalia: Mbeya, halafu Dar es Salaam. Akaunti yake ikajifunga.

"Dar!" mkuu akasema. "Na sisi tunaambiwa yuko Masoko anazika!"

Niwe mkweli, alikuwa na sababu ya kushuku. Tulishawahi kuwa na dereva aliyemuua bibi yake mara tatu ili apate ruhusa. Tangu hapo, kwenye habari za misiba mkuu akawa Tomaso. Akaagiza karani aandikiwe barua ya kuachishwa kazi, aikute akirudi. Na gari la ofisi, lile linalotupeleka kwenye misiba ya wenzetu, likabaki limeegeshwa.

Nikamweleza. Waya wa ofisi unatokea Mbeya, ndiyo maana mashine inatuona Mbeya. Laini za simu zinapitia lango la kampuni ya simu lililoko Dar, kwa hiyo ukiwa hata juu ya mgomba Masoko, mashine inaweza kukuona Dar.

"Maelezo hayo hata mwizi angeyafurahia," akasema. "Nithibitishie."

"Basi twende msibani, si tutaona?"

"Gari haliendi mpaka nijue kama msiba upo."

Jamani! Mtu anayetaka kujua kama kuna msiba si anakwenda msibani?

Siku ya tatu, nikiwa nimeshaingia kwenye mfumo pale ofisini kama kila asubuhi, nikakodi bodaboda kwa hasira. Nilikuwa nimevaa suruali, begi la kompyuta mgongoni, na kwenye simu nina laini ya kampuni ile ile anayotumia karani. Mazishi yalikuwa yameshapita, watu wamekaa matanga. Kabla sijasalimia, nikasikia wanaitana, "Mtu wa ofisini amefika!" Wanaume waliokuwa kwenye mabenchi wakainuka. Shangazi yake karani akavua kanga begani, akanifunga kiunoni mwenyewe, akanishika mikono yote miwili.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Tulikuwa tunajiuliza, hivi kazini kwake hawajui?"

Karani akatoka ndani, akaniangukia begani, akalia. Nilimshika. Halafu nikaombwa niseme neno kwa niaba ya ofisi. Masikio yaliwaka kwa aibu. Nikasema ofisi inatoa pole, tuko pamoja nao, Mungu awatie nguvu. Wakaitikia amina, mmoja akaanzisha wimbo.

Nikaletewa mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, nikala. Kisha nikaaga kama naenda msalani, nikapita nyuma ya migomba, nikaingia kwenye mfumo kwa akaunti yangu. Simu ikatetemeka mkononi: akaunti yangu imefungwa, nimeonekana Dar es Salaam. Nilicheka, peke yangu, mkono mdomoni, hatua chache kutoka kwenye kaburi bichi. Nikapiga picha kioo cha simu.

Wakati wa kuondoka karani alinisindikiza mpaka barabarani.

"Umenisitiri, dada," akasema. "Watu walishaanza kunisema, eti huko kazini sina mtu."

Kanga nikaondoka nayo kiunoni. Nilikuja kuikumbuka nimeshafika Tukuyu.

Mkuu aliitazama ile picha. "Kumbe!" akasema. Ndiyo hilo tu, kumbe. Barua akaichana, akaniambia nilimalize suala. Kwa akaunti ya dharura nikairekebisha kanuni, nikafungua akaunti zote mbili, yake na yangu. Mlango haukubali kufungua akaunti bila kuandikiwa sababu, nikaandika: imepimwa Masoko kwa laini ya kampuni ile ile, mhusika hakuwa Dar. Sikujua kwamba mlango, ukifungua akaunti ya mtu, unamtumia mwenyewe ujumbe wenye sababu hiyo.

Aliporudi kazini alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, simu mkononi, ujumbe uko wazi.

"Kumbe ulikuja kupima," akasema.

Nilikuwa na maelezo mengi, ya waya, ya laini, ya gari, ya mkuu. Nikasema, "Pole."

"Na barua nimesikia. Kazi yangu umeiokoa, nakushukuru." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikafungua droo, nikatoa ile kanga. Nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi. Nikamwomba amrudishie shangazi yake, na aniombee radhi kwa kuondoka nayo. Akaitazama, akairudisha mezani kwangu taratibu.

"Kaa nayo. Shangazi anamwambia kila anayekuja kwamba ofisi ilituma mtu kumlilia mama." Akachukua simu yake. "Sijamwambia."