Kuku wa Dada na Sauti ya Toroli

Lori la pamba lilisimama mbele ya nyumba yetu Bariadi jua likiwa kali, dada yangu akashuka na vumbi hadi kwenye kope. Utingo akaanza kuteremsha matenga. Mimi nilikuwa barazani nashona, nikadhani ni viazi. Halafu nikaona manyoya meupe yametokeza kwenye matundu. Kilichonishtua ni kimya. Matenga yamejaa kuku, wamesafiri kutwa juu ya lori, na hakuna hata mmoja aliyelia.

"Ni wa shamba," dada akasema. "Tajiri mpya anataka mabanda awekee pamba. Kuku kasema tuwatupe shimoni."

Dada alikuwa ameajiriwa miaka mingi kuokota mayai kwenye shamba la kuku la umma, mbali na kwetu. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba walimiminika na mizani yao, ushirika ukawa hoi, mashamba na viwanda vya umma vikauzwa kimoja baada ya kingine. Shamba lao nalo likauzwa, wafanyakazi wote wakapunguzwa. Wenzake walisomba mabati na ndoo. Yeye alisomba kuku waliochakaa kwa kutaga, ambao hakuna mtu aliyewataka.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Tenga la kwanza lilipofunguliwa akarudi nyuma.

"Mwanangu, hawa wana ugonjwa gani?"

"Hawaumwi, mayu," dada akamwita mama kwa Kisukuma. "Hawajawahi kukanyaga ardhi."

Walikuwa na shingo zisizo na manyoya, vilemba vimepauka kama karatasi, midomo imekatwa ncha. Kucha zao zilikuwa ndefu, zimejikunja, maana zilikuwa zimekua juu ya waya bila kupata cha kukwaruza. Dada alimshika kila mmoja kwa mikono miwili, akamweka chini kandokando ya ua wa minyaa. Pale alipomweka ndipo alipobaki.

Tuliwasubiri watawanyike. Hawakutawanyika. Hadi jioni walikuwa wamejipanga wenyewe safu moja iliyonyooka, wote wakiutazama ukuta wa nyumba, na kati ya kuku na kuku pana nafasi sawasawa, kana kwamba waya wa kizimba ungalipo. Kuku wetu wa kienyeji walikuja mpaka katikati ya uwanja, wakanyoosha shingo, wakageuka na kurudi. Jogoo wetu mwenye fujo hakuthubutu kuwasogelea.

Kesho yake alasiri nilikuwa nimeinama kwenye cherehani nilipohisi kitu kimebadilika uwanjani. Nikainua macho. Kuku wote walikuwa wamegeuza vichwa upande wa kushoto, kwa pamoja, kuelekea kona ya ua ambako hapakuwa na kitu. Kisha vichwa vikaanza kuhama taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama watu wanaomfuata kwa macho mtu anayepita mbele yao. Vilipofika mwisho wa safu, wakainamisha shingo na kuidonoa ardhi tupu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi. Naye alikuwa amegeuza kichwa.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza.

Alishtuka kama mtu aliyeamshwa. "Toroli la chakula," akasema. "Lilikuwa linapita saa hizi. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Mzee aliyekuwa akilisukuma alifariki kabla shamba halijauzwa, wakaja wengine, lakini mlio ulikuwa uleule." Akaingia ndani.

Ikawa hivyo kila alasiri. Mama alianza kutafuta shughuli za ndani muda ule.

Mayai yao nayo yalikuwa na mambo yake. Mengine yalitoka bila ganda, ngozi tupu, laini na ya moto, ukilishika linabonyea kiganjani kama kitu kinachopumua. Mengine yalikuwa madogo kama gololi, hayana kiini. Walitaga wamesimama palepale kwenye safu, wala hawakugeuka kutazama kilichowatoka. Dada aliyaokota na kuyafukia haraka, maana kuku akionja yai laini atazoea kuyala.

Mmoja akakwamwa na yai. Alisimama mkia chini, macho amefumba, anajikamua na hakitoki kitu. Dada alichemsha maji, akayapooza mpaka yakawa vuguvugu, akamkalisha kwenye beseni maji yakimfika tumboni. Alikaa naye hapo muda mrefu akimshika kifua asizame. Kisha akapaka vidole mafuta ya alizeti na kumpapasa nyuma polepole, akinong'ona maneno ambayo mimi sikuyasikia. Jirani yetu, mama mmoja wa kwaya ya kanisani, alipita uani kuomba moto akamkuta katika hali hiyo: mwanamke amepiga magoti, ananong'oneza kuku ndani ya beseni. Yai likatoka limefungwa kwenye ngozi yake, na damu kidogo. Jirani aliondoka bila moto.

Hata hivyo mama yetu alikuwa amempa jirani huyo mayai machache yaliyokuwa na ganda, kwa ujirani mwema. Siku ya tatu jirani alirudi na sufuria, akaiweka miguuni kwa mama.

"Tazama, mayu. Mimi nimezaliwa nyumba ya kuku. Sijaona hii."

Ndani mlikuwa na yai lililovunjwa. Kiini chake kilikuwa cha rangi ya kijani iliyofifia kama nyongo, na ute wake una wekundu wa mbali. 

Tangu hapo tulipotoka asubuhi kwenda kisimani, salamu yetu ya "mwangaluka" ilijibiwa na watu wakitazama pembeni. Nyie mnaosoma huenda mkaona ni jambo dogo. Kwetu Usukumani, mwanamke asiye na mume wala mtoto, aliyerudi ghafla na viumbe ambavyo havilii, na mayai ya rangi ile, alikuwa na sababu ya kuogopa. Wanawake walikuwa wameitwa wachawi na kuuawa kwa sababu nyepesi kuliko hizo. Mama alijua.

"Wachinje," akamwambia dada. "Wote, leo."

"Nimewafungia vizimbani miaka yote hiyo, mayu. Leo niwachinje kwa sababu ya rangi ya yai?"

"Nakuogopea wewe, siwaogopei wao."

 Dada alikwenda kwenye gunia la chakula, akachota kiganja, akanusa, akamwaga. Tulikuwa tunawapa pumba tukichanganya na mashudu ya pamba, kwa kuwa kinu kipya cha mafuta kilikuwa kinayagawa kwa bei ya kutupa na kila mtu alikuwa akilisha ng'ombe wake. Shambani hawakuyatumia. "Tuache mashudu kwanza," akasema. "Ikishindikana, nitawachinja mwenyewe." Kwa ajili ya maganda, akasema, walihitaji chokaa. Angekwenda Kalemela, ziwani, akatafute dagaa na makombe ya konokono ya kusaga. Kesho yake akapanda gari, akatuachia kuku.

Siku ile aliyokuwa Kalemela ndiyo ninayotaka kuisema jinsi ilivyokuwa. Alasiri hapakuwa na upepo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, ulimi umeshika ncha ya uzi, nikasikia gurudumu. Lililia kwa mbali upande wa kushoto, mlio mwembamba, unakatika, unarudi, kama chuma kinachohitaji mafuta. Likaja likipita kando ya ua wa minyaa. Kuku waligeuza vichwa, na nikagundua kwamba mimi pia nimegeuza, na kwamba macho yangu yanahama pamoja na yao kufuata kitu ambacho sikukiona.

Huko nyuma mchi ukanyamaza.

"Nani anapita na mkokoteni?" mama akaita.

Nilitaka kusema hakuna mtu.  Gurudumu lilifika mwisho wa safu, likatulia. Nilinyanyuka, nikaenda mpaka njiani. Njia ilikuwa nyeupe, tupu pande zote mbili, na kwenye vumbi hapakuwa na alama ya gurudumu lolote. Niliporudi mama alikuwa uwanjani ameshika mchi kwa mikono miwili. Tulitazamana, tukaingia ndani wote na kufunga mlango, na jua bado linawaka.

Dada aliporudi na gunia lake nilimweleza. Hakucheka. Alikaa chini akaanza kuponda makombe kwa jiwe. "Nilidhani ni kichwa changu," akasema. "Afadhali." 

Chakula kipya kilifanya kazi taratibu. Viini vilianza kuwa vya manjano hafifu, kisha manjano kweli, na maganda yakakomaa kiasi kwamba yai liliweza kugonga bakuli na kulia. Dada hakuyapeleka kwa jirani. Alimwita aje, akamwambia achague mwenyewe yai kutoka chini ya kuku, alivunje mwenyewe. Yule mama alisita sana. Mwishowe akainama, akalivunja kwenye sahani yetu, akalitazama, akaligeuza kwa kidole. "Basi ni chakula tu," akasema. Jioni hiyo alileta viazi vya kuchemsha, akala nasi, na asubuhi wanawake wa kisimani walituitikia salamu.

Mlio wa gurudumu sikuusikia tena, na sijui ulikuwa nini. Kuku waliendelea kusimama safu ileile mpaka mvua za kwanza. Mvua ilipokatika kumbikumbi wakafumuka ardhini kama moshi, wakaruka hadi kwenye nyuso zetu. Kuku mmoja alimtazama kumbikumbi akitua mbele yake, akamkosa kwa ule mdomo wake mfupi, akamfuata. Akapiga hatua, kisha nyingine. Wa pili akamfuata yeye. Mara uwanja mzima ukawa kuku weupe wanakimbia hovyo, wanagongana, wanaanguka, na kwa mara ya kwanza tangu waje wakapiga kelele. Dada alisimama kwenye tope akilia na kucheka. Mama alikuwa amekimbilia ungo, akakinga kumbikumbi wa kukaanga huku akiwagombeza kuku kwa Kisukuma wamwachie na yeye.

Hawakuishi sana. Miili yao ilikuwa imekwisha, na kila mwezi tulimfukia mmoja au wawili, maana dada alikataa waliwe. Alipohamia Ipililo kulima mpunga alinitumia salamu kwamba waliobaki wanalala juu ya paa la ghala, na kwamba kuwateremsha asubuhi ni kazi.