Mwizi wa dawa ya samaki, eti ni mimi!

Bandugu, mu Nchelenge yote hakuna mutu anajua samaki kama mimi. Ikiniona tu, inapiga saluti!

Na leo Tantine Odette ananifukuza kazi ya kulisha samaki ku bwawa yake ya Kafutuma. Mbele ya batu!

"Weye! Samaki ya jirani Ba Chanda inanenepa, yangu inabakia kidogo kama chisense, dagaa. Ile dawa ya tududu tuzuri twa kusaidia tumbo ya samaki, uliuzisha wapi?"

Mimi, mwizi? Kila asubuhi nachanganya dawa yote mu chakula ya soya na pumba!

Ba Chanda akauliza polepole: "Unaitia saa gani?"

"Wakati chungu inachemka, sawa vile banapika bukari, ugali!"

Batu bakacheka mpaka machozi.

Kumbe tududu tunapaswa kuingia tungali tuzima, chakula ikiisha kupoa.

Semeni nyinyi: niliiba?

Sikuiba. Tududu, nilitupika.