Kidonda cha Mwenyewe

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Musoma, nikisubiri kupimwa presha. Mbele yangu, mzee mmoja wa mtaa wa Makoko alinyoosha mguu wenye kidonda cha kisukari, akageuzia uso ukutani. Nesi hakuushika. Alimpa pamba na bakuli la maji ya chumvi.

"Leo utasafisha mwenyewe, baba."

"Sista, mimi nimekuja kutibiwa, sijaja kutibu. Si mnatusafishaga ninyi?"

"Na Jumapili, tusipokuwepo, nani anakusafishaga?"

Mzee akainama, akakitazama kidonda chake kama mgeni anayetambulishwa kwake, kisha akaanza kukisafisha. Nesi alichuchumaa pembeni, akielekeza kwa kidevu tu.

Siku hizi wauguzi wanafundishwa hivyo, kwamba mgonjwa naye ana kazi yake. Mimi nilishauita utaratibu huo uvivu wao. Lakini mzee alipomaliza, nilimsikia akimwambia mgonjwa aliyefuata, "Usisugue. Futa taratibu, toka katikati kwenda nje."

Zamu yangu ikafika. Kwa miaka sita nimeupeleka mkono wangu kupimwa kama baiskeli kwa fundi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nikauliza, "Sista, hiyo namba ya presha maana yake nini?"