Paka wa Batul na Sahani Isiyo na Chumvi

Mtaani kwetu Sefru, mtu akitaka vifungo vya hariri vya jalaba ya harusi alikuwa anaelekezwa kwa Batul. Mimi mwenyewe nimeshona naye miaka kumi na moja, goti kwa goti, na haya ninayoyasema mengine niliyaona na mengine alinisimulia yeye, kidogo kidogo, sindano ikiwa mkononi.

Batul alikuwa na miaka hamsini na sita na aliishi peke yake katika nyumba ya marehemu mama yake. Aliwahi kuolewa. Alipokuwa na miaka thelathini na mbili alitokwa na damu mwezi mzima, akapelekwa hospitali kule Fes, na huko wakamtoa kizazi. Mumewe alingoja mshono ukauke, kisha akamrudisha kwao na sanduku lake la nguo. Hakumtukana wala hakumpiga. Alimrudisha tu, kama mtu anavyorudisha chungu cha kuazima. Mwaka ule Batul alinenepa, akanenepa, na kule hamamu, kwenye bafu la mtaa, wanawake wakawa wanamhesabia mikunjo ya tumbo kwa sauti. Alizoea. Lakini hakusahau.

Ndiyo maana siku alipompeleka paka wake kutolewa kizazi alilia kuliko ilivyostahili. Paka huyo aliitwa Lwiza, wa kijivu na kifua cheupe. Alikuwa amezaa mara tatu paani, na mara tatu baridi ya milimani ikawaua watoto wote. Batul aliona bora amalize mambo.

Baada ya miezi sita Lwiza, aliyekuwa na kilo tatu na nusu, alifika kilo tano. Daktari wa wanyama, binti mmoja aitwaye Ghizlan, mwenye zahanati upande wa mji mpya, alimpapasa mbavu asizipate.

“Lalla Batul, huyu unamlisha nini?”

“Ninachokula mimi. Nikila dagaa, naye dagaa. Nikila maini, naye maini. Nimfiche?”

“Mfiche. Paka akishatolewa kizazi mwili wake hautaki tena chakula kile cha zamani, ila tumbo halina habari. Ndiyo kwanza linadai zaidi.”

Batul akacheka. “Hilo nalijua kabla hujazaliwa, binti yangu.”

Daktari akampa chakula cha punje, gramu arobaini na tano kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Akamwonya asije akamshindisha njaa kwa pupa, kwani paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaharibika, anakufa. Apungue polepole. Akimbizwe kidogo kila siku, lakini si kwa uzi wa hariri, maana akiumeza utamkata matumbo. Na kila Ijumaa apimwe.

Batul alishika maagizo kama mtu anayeshika dini. Punje alizipima kwenye mizani yake ndogo ya kupimia hariri. Alikuwa akizirusha moja moja juu ya ngazi ili Lwiza apande azifuate. Ijumaa alisimama kwenye mizani akiwa amempakata, kisha akasimama peke yake, akatoa hesabu. Wiki mbili za kwanza Lwiza alipungua gramu mia moja, Batul akaniletea habari kama mtu aliyejaliwa mjukuu.

Wiki ya tatu uzito ukapanda. Ya nne ukapanda zaidi. Na bakuli la jioni lilikuwa linabaki nusu.

“Kuna mtu anamlisha,” Daktari Ghizlan alisema.

“Unaniita mwongo?”

“Wewe la. Mwongo ni huyu hapa.”

Basi Batul akapita mlango kwa mlango. Muuza mkate akaapa. Mke wa kinyozi akamwambia, “Mimi nimlishe huyo? Nikimwona napita upande wa pili, nisije nikaliwa mimi!” Watu wakacheka, na Batul akacheka nao kwa midomo tu.

Ndipo alipoanza kumtazama paka wake vizuri. Kila siku, adhana ya alasiri ilipoanza, Lwiza aliamka. Hakujinyoosha wala kupiga miayo. Aliinuka kama mtu aliyeitwa jina, akapanda ngazi kwenda paani. Baada ya nusu saa alirudi ndevu zimelowa, na ilikuwa Agosti, paa zote zimekauka mpaka zinachoma nyayo. Manyoya yake yalinuka jiwe baridi. Na akishafika chini alikuwa akigeuka kuitazama ngazi, akakaa hivyo kwa muda, kama anayengoja mwenzake ashuke.

Siku moja Batul alimfuata. Ukuta wa kati ya paa lake na la jirani ulikuwa wa kimo cha kiuno. Lwiza aliruka, Batul akachungulia.

Jirani alikuwa Tamu, mjane aliyehamia pale miaka miwili kabla ya hapo na binti yake Ihsan, wa miaka kumi na tisa. Tangu majira ya baridi Ihsan alikuwa hasemi. Watu walisema alimwaga maji ya moto kwenye mfereji wa uani, karibu na kisima cha zamani, bila kutaja jina la Mungu, na tangu saa ile ulimi ukamfunga. Madaktari wa Fes hawakuona kitu.

Kule chini aliona ua mtupu, milango yote imefungwa. Kifuniko cha mbao cha kisima kilikuwa kimesogezwa upana wa kiganja, na kando yake ilikuwapo sahani ya kuku. Lwiza alikaa mbali nayo, miguu pamoja, macho kwenye mwanya wa kisima. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha, kama aliyepewa ruhusa, akasogea akaanza kula. Batul alidhani alikuwa anangoja kuku apoe.

Kesho yake asubuhi Tamu alikuja mlangoni kwake, mtandio umemwanguka mabegani.

“Amesema, jirani! Mwanangu amesema! Ameniambia, ‘Mama, baridi.’”

“Mungu mkubwa. Ilikuwaje?”

Tamu akashusha sauti. Fakihi mmoja alikuwa amemwagiza, kwa siku arobaini, apike kuku bila chumvi, amweke mdomoni mwa kisima alasiri, kisha wajifungie ndani wasitazame. “Na wenyewe wa kisimani wamekubali. Sahani naikuta safi kila siku, kama imeoshwa. Siku wakikataa, kaniambia fakihi, ndiyo basi tena. Leo ni ya ishirini na tano.”

Batul alimrudishia mtandio kichwani. Angesema nini? Mwenyewe wa kisima ni paka wangu? Alimkumbatia Tamu, akafunga mlango, akakaa chini kwenye kizingiti.

Ijumaa ile mizani ilitoa kilo tano na nusu. Daktari hakutania tena. Lwiza alikuwa anahema akipanda ngazi, na mkojo wake ulianza kuonyesha sukari. “Akienda hivi mwezi mwingine, Lalla, utakuwa unamchoma sindano kila siku, kama atakuwepo.”

Alirudi nyumbani kwa miguu, kikapu cha paka kikimuuma bega. Upande huu mnyama, upande ule binti wa watu. Usiku kucha hakufikia uamuzi. Asubuhi akaona njia: atamfungia Lwiza chumbani, na yeye mwenyewe atavuka, amimine kuku mfukoni, aache sahani safi. Nani atajua?

Adhana ilipoanza alimfungia Lwiza, ufunguo akautia kifuani. Paka alikwaruza mlango kama kichaa. Batul alipanda paani na mfuko wake, akapitisha mguu mmoja juu ya ukuta, kisha wa pili, akishika kiuno na kumwomba Mungu asianguke akawa kichekesho cha mji. Akashuka ngazi za Tamu peku. Adhana ilikuwa ndiyo inamalizika.

Sahani ilikuwa tupu.

Ilikuwa imelowa na inang’aa. Pembeni yake, juu ya jiwe, mifupa ilikuwa imelazwa kwa mstari, mrefu kwanza, mfupi mwisho, vichwa vyote vikielekea kisimani. Myeupe, haina hata uzi wa nyama. Kutoka kwenye mwanya wa kifuniko baridi ilimgusa vifundo vya miguu. Alasiri ya Agosti.

Hakukumbuka alivyovuka ukuta. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa vilevile, na ufunguo bado uko kifuani. Lwiza alikuwa ameacha kukwaruza. Batul alipofungua alimkuta amekaa katikati ya chumba, ametulia, anatazama ukuta wa upande wa Tamu.

Mimi aliniambia jioni ile kuwa ana homa. Sikumwamini, kwa sababu kifungo alichoshona kilikuwa kimepinda, na homa haikuwahi kumpindishia kifungo.

Ila Batul hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa mara moja. Alijiambia: ni yule binti. Anatoka anakula mwenyewe, msichana wa watu ana njaa. Siku iliyofuata akamwambia Tamu, “Alasiri njooni kwangu, wewe na Ihsan. Weka sahani yako, funga mlango, njooni tunywe chai. Kwani si mmeambiwa msitazame? Huku hamtatazama.”

Wakaja. Tamu alikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele, na mlango wa paani Batul, alipokwenda kuwachukua, alikuwa ameuona ukitiwa komeo kwa ndani. Walikaa wote chumba kimoja, Lwiza mapajani kwa Batul. Ihsan alipewa uzi wa hariri wa rangi ya zabibu aukunje. Alikuwa na vidole vyepesi, na macho hakuyainua. Adhana ikaanza. Masikio ya paka yakageuka, yote mawili, kuelekea ukutani. Batul alihisi mwili wa Lwiza unakazana kama mtu anayezuiliwa asiitike. Tamu alishika gilasi asinywe.

Walipoondoka Batul akasema atawasindikiza. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo. Komeo la juu lilikuwa mahali pake. Sahani ilikuwa safi na mifupa imepangwa.

“Alhamdulillahi,” Tamu akasema.

“Mifupa hii huwa unaipanga wewe?”

“Mimi? Wallahi sijawahi. Huwa hivi tangu siku ya kwanza. Wana adabu zao.”

Batul aliuegemea ukuta. Tangu siku ya kwanza. Na Lwiza siku zote zile alikuwa akija hapa, akila sahani hii. Paka hajui kupanga mifupa.

Ndipo Ihsan aliposema. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyetoka kuumwa koo.

“Lalla, paka wako hakuwa anaiba.”

Tamu akaweka mkono mdomoni.

“Alikuwa anafanya nini, mwanangu?” Batul aliuliza.

“Alikuwa anangoja zamu yake. Walikuwa wanamwachia.”

“Uliwaona?”

“Tumekatazwa kutazama,” Ihsan akasema. “Nilikuwa nawasikia wakimbembeleza.”

Siku arobaini zilimalizika. Tamu akamwita fundi, kisima kikazibwa kwa saruji, na fundi alimaliza haraka akakataa chai. Ihsan akarudiwa na maneno taratibu, kama maji yanayorudi kwenye bomba: kwanza hewa, kisha matone. Kila alasiri alikuwa kwa Batul kujifunza vifungo, na ni yeye aliyekuwa akirusha punje juu ya ngazi na kucheka paka akiteleza.

Lwiza alifungiwa alasiri miezi mitatu mizima. Siku za mwanzo aligoma kula, na Batul, akikumbuka habari za ini, alimlisha punje moja moja kwenye kiganja, zimeloweshwa kwa maji ya vuguvugu, mpaka akakubali. Baada ya hapo gramu hamsini wiki hii, thelathini ijayo, wiki nyingine hakuna. Cheri zilipoiva, Juni ya mwaka uliofuata, alikuwa na kilo nne na gramu mia moja, na sukari ilikuwa imepotea. Daktari Ghizlan alimpapasa, akazipata mbavu.

“Lalla Batul, ningekuwa na wateja kumi kama wewe ningestaafu. Na yule aliyekuwa akimlisha, mlipatana?”

“Tulipatana,” Batul akajibu, akafunga kikapu.

Aliniambia baadaye kuwa hofu ilimwisha mapema kuliko alivyotarajia. Lililomchoma lilikuwa jambo jingine, na alipolisema alinigeuzia mgongo. Alikuwa akimpimia paka wake punje kwa mizani, anamnyima kwa mapenzi, na huku ng’ambo ya ukuta kuna waliokuwa wakimwita kila siku kwa wakati wake na kumbakishia. “Mimi nilikuwa mnene miaka ishirini na nne,” akasema, “na hakuna aliyenibakishia kitu.”

Ihsan aliolewa mji wa Taza kiangazi kilichopita. Vifungo vyote thelathini na tatu vya jalaba yake alivishona mwenyewe. Mama yake alimfuata, na nyumba imefungwa tangu hapo. Mwezi uliopita mwenye nyumba alimletea Batul ufunguo, akimtaka ainunue kwa bei ya bure, abomoe ukuta apate nafasi. Batul alikataa hata kuushika.

“Umekosa bahati,” nikamwambia. “Nyumba imekaa tupu, haina mtu.”

Batul aliukata uzi kwa meno, akaufunga mwisho wake.

“Nani kakwambia?” akasema, akaniomba nimsogezee taa.