Walinitundika Ukutani

Nilipojaaliwa kujenga nyumba yangu Mtoni, nilitaka kitu kimoja tu: uani. Ua wa nyuma usioezekwa, wa kukaa chini na wanawake wenzangu tukipika na kuteta mpaka jua lishuke. Ndivyo nilivyoishi miaka yote katika nyumba ya kupanga Mji Mkongwe. Wanangu nimewalelea uani, na mume wangu alipokufa nimemlilia uani.

Binti yangu akaniletea mbunifu. Kijana wa watu, adabu tele, akaniamkia vizuri, kisha akasema nyumba lazima isimulie hadithi ya mwenyewe. Nikafurahi, mjinga mie. Nikamsimulia asubuhi nzima: nazi nilizokuna, maandazi niliyouza, harusi nilizopikia. Akaitikia kila neno.

Siku ya kukabidhiwa nikakuta ua umeezekwa, umetiwa marumaru na taa za kufichwa darini. Ukutani imetundikwa mbuzi yangu ya kukunia nazi, imepakwa vanishi, inamulikwa. Pembeni yake kanga yangu ya harusi imefungiwa ndani ya kioo.

"Mama, umeona? Ndo wewe huyu," binti yangu akasema huku anapiga picha.

"Naona. Kwani nshakufa?"

"Astaghfirullah, mama!"

"Vya marehemu ndo vinavyotundikwa. Mie mzima. Ntakaa wapi na wenzangu?"

Mbunifu akanionyesha viti vya jikoni, vile virefu, vya kupanda kama mnazi. Kwa magoti yangu haya! Akanieleza kwa upole kwamba ua umepitwa na wakati, na kwamba pale sasa ni sebule ya pili. Upole wake ndio uliozidi kunichoma. Alichukua maisha yangu yote akayafanya pambo, na pahala pa kuyaishi akanizibia. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo, na wala sina haraka nayo.

Nikaiteremsha mbuzi yangu. Nikamwita fundi aliyekuwa akifagia vumbi la saruji mlangoni.

"Lete ngazi, baba. Hili paa la uani linatoka leo."

Fundi akamtazama mbunifu. Mbunifu akamtazama binti yangu, na binti yangu akaanza kulia. Wageni watatuonaje, akauliza, nyumba mpya tunaibomoa?

"Wageni wana kwao," nikamwambia. "Mie kwangu ndo hapa."