Dole Gumba la Tata

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho, nami ni mzee mwenye wajukuu. Ni siku niliyomwekea baba yangu fomu ya chuo mapajani, nikamwonyesha mahali pa kuweka dole gumba, huku nikijua kwamba nilichomwambia kimeandikwa pale hakikuandikwa.

Umeniambia unataka kusomea mambo ya mazingira, na kwamba kwenu hakuna aliyewahi kuvuka mlango wa chuo. Basi keti. Wewe una orodha ndefu ya vyuo. Mimi nilikuwa na mistari mitatu tu ya kujaza, na hofu ilinijaa vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya sabini neno mazingira hatukulijua kama somo. Sisi tulisema udongo, maji na miti, basi.

Kwetu ni juu ya kilima, upande wa Nyamira, na chini ya shamba letu palikuwa na korongo. Nilipoanza darasa la kwanza niliweza kuliruka. Nilipofika kidato cha nne lilikuwa limekula nusu ya shamba la wimbi la mama, na kisima tulichochota maji kilikuwa tope. Kila mvua ilipopiga tulisikia udongo ukiporomoka kule chini, na mama alikuwa akitoka mlangoni kutazama wimbi wake. Nililiogopa korongo lile kuliko nilivyomwogopa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu wa mzaha.

Mwalimu wa jiografia ndiye aliyeniambia. "Kuna chuo ya serikali inafundisha kuzuia hii mmomonyoko," alisema. "Wanakulisha, wanakupatia kitanda. Wewe unabeba gambuti za mpira na jembe tu." Nilimuuliza mara tatu kama kweli hakuna karo. Maskini akionyeshwa kitu cha bure hutafuta kwanza mtego uko wapi. Wenzangu darasani walikuwa wakichagua vyuo kwa uzuri wa jina, kama mtu anayechagua kofia. Mimi niliandika chuo cha udongo mstari wa kwanza, cha misitu wa pili, cha maji wa tatu. Hapo nilikuwa na akili. Akili iliniishia nilipofika nyumbani.

Maana Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, hakutaka kusikia habari ya watu wa udongo. Enzi za mkoloni alikuja bwana mmoja na askari wa chifu, wakaamuru kila mtu achimbe matuta kukata mteremko. Tata hakuchimba. Alichapwa viboko mchana kweupe, na mama mkwe wake alikuwa akipita njiani. Kwetu Gusii mkwe hatakiwi hata kukutazama ovyo, sembuse kukuona umelazwa chini. Hilo nililijua tangu utotoni, kwa minong'ono. Tata mwenyewe hakulitaja kamwe. Alichotaka yeye ni niwe mwalimu: nivae tai, nikae karibu na nyumbani, watu wa kanisa letu la Sabato wanisalimu kwa heshima.

Na mila ilikuwa imeniwekea njia. Neno linalomshinda mtoto kumwambia baba hupelekwa kwa bibi, Magokoro, naye hulipeleka taratibu, likishapoa. Magokoro wangu alikuwa hai, macho makavu, nyumba yake hatua arobaini kutoka kwetu. Sikwenda. Niliogopa atanikatalia kwa niaba ya Tata. Fomu ilitakiwa Ijumaa, ikiwa na dole la mzazi, nami nikaona uongo ni njia ya mkato. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, nami nilidhani walikuwa wakiisifu.

Nilivunja kalamu ya Biro nikampaka Tata wino doleni. "Soma," akasema. Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri kutoka Kiingereza: chuo cha ualimu, chuo cha ualimu, chuo cha ualimu. Mara tatu, mwanangu. Hata jogoo angeona haya. Tata akainama, akabonyeza dole pale nilipomwonyesha, akalishikilia kwa muda kama anayeogopa halitashika. Kisha akatabasamu, nami nikaikunja fomu haraka.

Tangu siku hiyo sikupata amani. Tata aliwaambia watu kanisani, akawaambia wachuma chai wenzake, na kina mama wakaanza kumwita mama yangu mama wa mwalimu. Barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la Ombati, mwenye duka kule sokoni, ambaye pia ndiye aliyewasomea wazee barua zao. Kila nilipotumwa chumvi nilitazama uso wa Ombati kwanza, ndipo nikataja ninachotaka. Nikiona baiskeli inapanda kilima, nakimbilia nyuma ya nyumba. Magokoro akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema malaria. Akaniletea dawa chungu ya majani nami nikainywa yote, siku tano, kwa ugonjwa wa kusema uongo.

Barua ilikuja. Tata aliipokea mwenyewe, akapanda nayo kilima bila kuifungua, akaita ndugu zake wawili na majirani. Wakakaa. Akanipa. "Soma wasikie," akasema.

Ilisema nimekubaliwa chuo cha udongo. Ilisema nije na gambuti, jembe na panga. Watu wanane walikuwa wakinitazama mdomo. Pale ndipo ningeweza kusema kweli, na nilijua ndipo, lakini woga ulinishinda. Nikasoma kwamba nimekubaliwa chuo cha ualimu, na kwamba nije na viatu vya ngozi na shati jeupe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa nikaanguka, kisha nikaendelea kubingirika. Baba mkubwa akaomba, akamshukuru Mungu. Baba mdogo akavua viatu vyake vya harusi, pekee alivyokuwa navyo, akaviweka mbele yangu, akaondoka pekupeku.

Siku iliyofuata Tata aliichukua ile barua, akaenda nayo sokoni kumwonyesha Ombati. Furaha tu, mwanangu. Hakuwa amenishuku hata chembe. Nilimwona akishuka, nikashindwa kumwita.

Nilikwenda kwa Magokoro mbio, sasa ndipo nilipokumbuka njia. Nikamwambia yote nikilia. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua wimbi wake. "Baba yako alikosa nyama akakupeleka shule," akasema, "ili nyumba hii ipate macho. Ukayachukua hayo macho ukamfumba." Nikamsihi aende akaongee naye. Akasema, "Ulipaswa kunituma likiwa neno. Sasa limekuwa kidonda. Nenda ukamngoje."

Nikamngoja kando ya njia. Alipanda polepole, barua imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo. Nilitamani anipige. Nilikuwa tayari, hata fimbo nilikuwa nimeiona ilipo. Hakunipiga. Alisimama, akatazama korongo, akasema:

"Unajua kwa nini nilichapwa?"

Nikasema, kwa kukataa matuta.

"Wote walikataa. Mimi nilichapwa kwa sababu nilikubali. Karani aliniletea karatasi. Alisema ni ya kupewa mbegu. Nikaweka dole. Kumbe imeandikwa nimeahidi kuchimba mwezi huo huo. Askari wakaja nayo, wakanionyesha dole langu."

Hilo sikulijua. Hakuna aliyelijua. Nilihisi ardhi inaondoka.

"Ungesema udongo," akaendelea, "ningekataa leo. Kesho ningeuliza. Kesho kutwa ningekubali, maana hilo shimo naliona. Mimi si mjinga, sikusoma tu." Akanipa barua. "Nenda chuo. Kiatu cha ndugu yangu rudisha leo."

Nilikwenda. Gambuti alininunulia yeye, na akanisindikiza mpaka Kisii kupanda basi. Nilisoma, nikafuzu, nikapangiwa kazi Kenyenya, nikashika kazi ya udongo na maji mpaka kustaafu. Nilipopata likizo ya kwanza nilipima shamba letu, na Tata akachimba matuta kwa mikono yake, akapanda nyasi kingoni, na korongo likaacha kula. Alicheka nami, tulikula sahani moja. Ukiuliza kama alinisamehe, nitakuambia ndiyo, alisema hivyo kwa kinywa chake, mbele ya Magokoro.

Lakini sikiliza hili. Mwaka wa kwanza kazini nilimkuta njiani akiwa na bahasha ya shamba, ya mambo ya mipaka, akitoka sokoni. Nikamwambia, "Tata, hiyo ningekusomea mimi." Akasema, "Wewe una kazi nyingi. Ombati amesoma." Mwaka uliofuata ilikuwa karatasi ya chai. Kisha kadi ya hospitali. Mimi niko nyumbani likizo, msomi wa kwanza wa ukoo, na baba yangu mzee anateremka kilima kwenye matope kwenda kusomewa na mwenye duka. Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Hakuwahi kunipa karatasi tena, hata moja.

Sasa nasaha, nisikuchoshe. Usichague chuo kwa uzuri wa jina. Uliza nani analipa karo, nani analipa chakula, na ukimaliza kazi iko wapi. Uliza hata kama swali linakuaibisha, maana aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Usione haya kuchagua udongo wakati wenzako wanachagua tai. Na ukishachagua, kwenda nyumbani kusema kweli ndiyo kazi ya kwanza ya usomi wako. Wasomee wazazi kila mstari kwa lugha wanayoielewa, na ule utakaowakasirisha usome mara mbili. Ukiogopa, tuma bibi, tuma shangazi, lakini mtume mapema. Woga si dhambi. Mimi niliogopa sawa na wewe. Kosa langu ni kwamba niliuacha woga unisomee barua.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie chuo kinachokufaa, aibariki mikono yako na udongo utakaoushika. Na wazazi wako wazeeke wakikuletea wewe barua zao uwasomee.