Dakika Tisa za Dada

Jumatano, tarehe 6 Machi. Paa la darubini lilifunguliwa saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni. Kipimo cha kwanza kilichukuliwa saa moja na dakika tano, cha mwisho saa mbili na robo.

Dada yangu ni fundi wa vyombo katika kituo cha kutazama nyota. Nyota aliyokabidhiwa msimu ule kwa kweli ni mbili, zinazozungukana kwa ukaribu hata darubini huziona nukta moja. Moja ikiipita nyingine kwa mbele, mwanga hufifia, kisha hurudi. Jedwali la zamani lilitabiri kwamba mwanga ungefika chini kabisa saa moja na dakika arobaini na mbili. Dada alipata saa moja na dakika thelathini na tatu.

"Saa yako ilikuwa nyuma, mwanangu," mkuu wa kituo alimwambia kesho yake. "Ongeza dakika tisa, tupeleke ripoti."

"Siwezi kuongeza nisichokipima, mzee."

"Basi saa ilikuwa na kosa kiasi gani?"

Dada alipekua daftari. Asubuhi ile aliirekebisha saa ya mtambo kama kawaida, ila alisahau kuandika kwanza imepotea kiasi gani. Huenda mkuu alikuwa sahihi.

"Una Jumamosi tu," mkuu alisema. "Ukishindwa, darubini anapewa mwingine."

Baada ya hapo nyota ingefichwa na jua kwa miezi mitano.

Jumamosi nilimpelekea redio ya jikoni.

"Mama anauliza, leo habari atazisikilizia kwenye sufuria?"

"Mwambie anivumilie, mdogo wangu."

Mlio wa redio wa saa moja kamili ulilingana na saa ya mtambo. Dada aliandika: tofauti, sifuri. Safari hii jedwali lilisema saa moja na dakika hamsini. Mwanga ukaanza kushuka. Saa moja na nusu wingu likafunika. Mkuu alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Dada hakuinua macho.

Wingu lilipasuka dakika ya arobaini na sita. Kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Mwanga unashuka bado?" mkuu aliuliza.

"Unapanda, mzee, na dakika ya hamsini haijafika."

Mkuu aliinama akasoma namba mwenyewe, mara mbili.

"Ya Jumatano iandike kama ulivyoipata," alisema. "Na kwamba kosa la saa hukulipima, andika hilo pia."

Mwaka mmoja baadaye, nyota ile ilitangulia jedwali la zamani kwa dakika kumi na mbili, tatu zaidi ya zile za Dada.